Mstari wa Pili

Mkwe wake alipofikisha wiki ya kumi na mbili ya mimba, tumbo lilikuwa limetoka mbele kama la miezi mitano, na Bi Ndoo akakata kauli kwamba ni mapacha. Hakumwuliza mtu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mwanawe, akamtazama mkwe aliyejikunyata ukingoni mwa kitanda na beseni mapajani, akapiga kofi moja la furaha.

"Mwalimu, humo ndani wamo wawili. Mimi si wa kudanganywa na tumbo."

"Mama, mimi hata mmoja simwezi," alisema Mwalimu, kisha akainamia beseni tena.

Jina la Bi Ndoo lilitokana na kazi aliyostaafia. Miaka ishirini na saba alikuwa mhudumu wa usafi katika wodi ya wazazi. Alipiga deki, alibadilisha mashuka, na mama akishajifungua, yeye ndiye aliyetia kondo la nyuma kwenye ndoo yenye kifuniko na kulipeleka shimoni, nyuma ya jengo. Ukunga hakusomea, lakini alikuwa amesimama karibu na wakunga muda mrefu kiasi kwamba majirani walianza kwake kabla ya kwenda zahanati, naye hakuwakatalia. Kutapika? Mtoto ameshika. Miguu kuvimba? Punguza kusimama. Tumbo limeshuka? Panga mkoba. Mara nyingi alikuwa sahihi, na mara ambazo hakuwa sahihi watu walisahau.

Mwanawe alikuwa fundi wa makochi, na karakana yake ilikuwa hapo hapo chumba cha mbele. Tangu mkewe aanze kutapika, alikuwa amehamishia makopo ya gundi uani, akapaka gundi juani huku mbu na nzi wakinasa kwenye vitambaa vya wateja. Hakulalamika. Miaka sita walikuwa wameingoja mimba hii, na kama mtoto alitaka gundi ikae nje, basi gundi ingekaa nje.

Mwalimu alifundisha chekechea. Wiki ile mkuu wa shule alimwita ofisini, akamwambia kwa sauti ya upole sana akapumzike nyumbani bila mshahara mpaka hali itulie, maana wazazi wamelalamika kwamba mwalimu anatapika mbele ya watoto. Watoto wenyewe walikuwa wameshazoea. Akikimbilia nje, waliendelea kuimba herufi mpaka arudi.

"Waache," alisema Bi Ndoo alipoambiwa. "Ukizaa wawili kwa mpigo watakuja wenyewe kukupigia magoti."

Na mchana ule ule akaenda nyumba hadi nyumba kutangaza. Kwa mshona nguo, kwa muuza mkaa, kwa yule mama wa genge asiyekauka mdomo. Mapacha. Alirudi na nguo mbili za kitoto, za rangi moja, amezikumbatia kifuani.

.

Jumanne asubuhi Mwalimu alitoka bafuni amepauka, akasema kuna damu. Kidogo, nyeusi nyeusi, lakini damu.

Bi Ndoo hakutaharuki. "Vaa viatu. Twende kwetu." Kwetu ilikuwa hospitali. Njiani alimtuliza mwanawe kwamba kuna mkunga mkuu anayefahamiana naye, na kuna mlango wa nyuma. Wao hawatapanga foleni na umati.

Mkunga mkuu alikuwa ameshahama. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli jipya. Langoni mlinzi alinyoosha mkono mbele ya kifua cha Bi Ndoo bila kumgusa.

"Bibi, wagonjwa tu. Ndugu wanakaa kule kwenye mabenchi."

"Mimi ni wa hapa hapa, baba. Wodi ya wazazi, miaka ishirini na saba."

"Kitambulisho?"

"Nimestaafu."

"Basi kule kwenye mabenchi," alisema mlinzi, wala hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Walikaa kwenye mabenchi mpaka adhuhuri. Ilipofika zamu ya altrasaundi, ndugu mmoja tu aliruhusiwa kuingia na mgonjwa. Fundi alimpisha mama yake, kwa kuwa yeye ndiye atakayeelewa atakachokiona.

Mpimaji alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akimsimulia Mwalimu jinsi mwanawe wa miaka mitatu anavyolikimbia beseni la kuogea, huku akimpaka ute baridi tumboni. Akaweka kifaa, na katikati ya sentensi akanyamaza. Alikisogeza kushoto, kulia, akakibonyeza, akakirudisha. Kwenye kioo Bi Ndoo aliona weupe mtupu, kama chenga za mchele zilizomwagwa kwenye sakafu nyeusi. Alitafuta kichwa. Alitafuta uti wa mgongo, ule unaoonekana kama ushanga, alivyozoea kuuona zamani akifagia chumba hicho hicho. Hakuuona.

"Wamejificha," alisema.

"Ngoja nimwite daktari," alisema mpimaji, akafuta mikono yake ambayo haikuwa na kitu.

.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliwaketisha wote watatu ofisini, akafunga mlango, akasema inaitwa mimba zabibu. Kondo limeota, lakini mtoto hayupo. Hakufa. Hakuwahi kuumbika.

Fundi alitazama mikono yake. Mwalimu alimtazama daktari. Bi Ndoo ndiye aliyejibu.

"Daktari, samahani. Mimi nimebeba makondo maisha yangu yote. Kondo haliji peke yake. Linakuja na mtu."

"Mama, wewe umeyabeba yakiwa yamemaliza kazi. Acha nikwambie kazi yenyewe." Daktari alivuta karatasi, akachora duara, kisha akaiacha kalamu. "Mimba ikiwa nzima, kondo ndilo linalosema na mwili wa mama. Linatoa homoni. Ya kwanza inauambia mwili usilete hedhi, humu ndani kuna mtu. Nyingine inautuliza mfuko wa uzazi usibane ukamtoa. Nyingine inapanga chakula, ili mtoto apate kwanza. Kichefuchefu kile, tunaamini kwa sehemu kubwa kinatokana na ile ya kwanza. Na hiyo hiyo ndiyo inayopimwa kwenye mkojo. Kipimo cha mimba hakimwoni mtoto. Kinaiona homoni."

"Na hapa?" aliuliza Fundi.

"Hapa mbegu na yai havikukutana sawasawa tangu siku ya kwanza. Kondo limeota peke yake, limejaa malengelenge kama zabibu, na linatoa homoni kuliko hata mimba ya mapacha. Ndiyo maana tumbo ni kubwa. Ndiyo maana anatapika hivi. Mwili umeambiwa kuna mtoto, nao umeamini."

"Nani kamfanyia?" aliuliza Bi Ndoo.

"Hakuna mtu, mama. Si chakula, si kazi, si kosa la yeyote."

Mwalimu alifuta midomo yake kwa kitambaa, akauliza taratibu, kama anayetaka kuhakikisha hesabu ya mtoto darasani, "Kwa hiyo nimekuwa nikitapika bure?"

Daktari aliikunja ile karatasi yenye duara. Halafu akasema leo hakuna kitanda. Warudi kesho saa mbili na begi, asafishwe kizazi kabla damu haijawa nyingi, kwa sababu kitu hiki kikiachwa kinaweza kumwua.

Neno lile, kusafishwa, lilimchoma Bi Ndoo. Alilijua. Wodini lilikuwa neno la wasichana waliotoa mimba wakaja wamefunika nyuso, ambao yeye mwenyewe alipopiga deki chini ya vitanda vyao alitikisa kichwa makusudi wamwone.

.

Jioni alipitia duka la dawa akanunua vipimo vitatu vya mkojo, vya aina tatu tofauti, ili asiambiwe kimoja ni kibovu. Mwalimu alipima vyote bila kubishana. Bi Ndoo akavipanga mezani juu ya gazeti, chini ya taa. Mstari wa kwanza, mstari wa pili. Mstari wa kwanza, mstari wa pili. Vyote vitatu, mistari myekundu, minene.

"Haya, nionyesheni huyo homoni," alisema. "Mimi hapa naona mtoto."

"Mama, daktari kasema kipimo hakimwoni…" alianza Fundi.

"Daktari kamaliza chuo juzi! Nimefuta sakafu ya ofisi ile kabla hajaota meno. Kioo chao kibovu, mimba changa, watoto wamejibana nyuma, na wao wanataka kuingiza vyuma. Miaka sita, mwanangu. Utasaini wakwangue wanao?"

Fundi alikuwa na kisu cha kukatia sponji mkononi, hakujua amekishika tangu saa ngapi. Alikiweka chini. Alimgeukia mkewe. "Wewe unasemaje?"

Mwalimu alikisogeza kipimo kimoja karibu na taa. Uso wake ulikuwa umekwisha, mashavu yameingia ndani, lakini machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Bi Ndoo alikitambua mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa nacho.

"Tusubiri siku mbili tatu," alisema Mwalimu. "Pengine wataonekana."

Bi Ndoo akashinda. Usiku huo alilala usingizi mzuri.

.

Walisubiri Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Damu ilikatika, na Bi Ndoo akasema mnaona. Jumamosi mchana Mwalimu alikuwa amejilaza karakanani, kwenye kochi jipya la mteja, maana pale upepo ulipita vizuri. Bi Ndoo alimletea uji, akaona mkono wa mkwe wake unatetemeka mpaka kijiko kinagonga meno.

"Mama, moyo unakimbia," alisema Mwalimu. "Mimi nimelala, wenyewe unakimbia."

Jasho lilikuwa likimtiririka. Bi Ndoo alimshika kifundo cha mkono na hakuweza kuyahesabu mapigo. Kisha Mwalimu alishusha pumzi, kama mtu aliyekumbuka jambo, na damu ikaja. Ilikuja kwa mkupuo, ikalowa kitambaa cha mteja, ikapenya kwenye sponji, ikaanza kudondoka sakafuni kwenye vumbi la mbao. Bi Ndoo alikuwa amefuta damu miaka ishirini na saba. Alisimama tu na bakuli la uji mkononi. Fundi ndiye aliyemnyanyua mkewe, akatoka naye barabarani akipiga kelele gari lolote lisimame.

Hospitalini hawakuambiwa wakae kwenye mabenchi. Watu walikimbia. Daktari alikuwa yule yule. Hakuwagombeza. Aliitazama tarehe kwenye faili, akauliza tu, "Siku nne?" Kisha akaeleza kwa haraka, huku akivaa glovu, kwamba homoni ikizidi namna hii inafanana na ile inayoamsha tezi ya shingoni, na tezi nayo inauchochea moyo mpaka uchoke. Kwa hiyo wana mambo mawili ya kupambana nayo, damu na moyo. Mwalimu mwenyewe alisaini. Herufi zake, ambazo siku zote zilikuwa nzuri kama za ubaoni, zilipanda na kushuka kama za mtoto wa chekechea.

Bi Ndoo aliachwa kwenye korido. Baada ya saa nzima mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguliwa, akatoka mhudumu wa usafi, mwanamke wa makamo, amebeba chombo cheupe chenye kifuniko na karatasi iliyobandikwa ubavuni.

"Hiyo ni ya mgonjwa wangu?" aliuliza Bi Ndoo.

"Inakwenda maabara, mama."

"Najua. Nifunulie."

"Siruhusiwi."

"Nilikuwa nafanya kazi yako hiyo. Humu humu. Nifunulie, dada yangu, nitazame tu."

Mwanamke yule aliangalia huku na huku, akainua kifuniko. Bi Ndoo aliinama. Makondo aliyoyajua yalikuwa bapa, mazito, mekundu kama ini, na kitovu kimening'inia. Hiki hakikuwa na umbo. Yalikuwa malengelenge matupu, makubwa na madogo, maelfu, yanang'aa kwa maji, yameshikana vishada vishada ndani ya damu. Alitafuta. Aliomba chombo kiinamishwe upande wa pili, akatafuta tena. Hapakuwa na kidole. Hapakuwa na kitovu. Hapakuwa na mahali ambapo mtu angeweza kuwa amekaa.

"Funika," alisema.

"Pole, mama," alisema mhudumu, akaenda zake na viatu vyake vya mpira vikilia sakafuni.

.

Mapacha aliowatangaza nyumba hadi nyumba, alilazimika kuwarudisha nyumba hadi nyumba. Mshona nguo alilia naye. Muuza mkaa alisema Mungu anajua. Mama wa genge alipanga nyanya zake mafungu mafungu, akasema bila kuinua macho, "Tumesikia alisafishwa."

"Alikuwa mgonjwa. Mtoto hakuwapo kabisa. Ilikuwa kondo tupu."

"Ndivyo wanavyosema wote, Bi Ndoo. Si wewe mwenyewe uliyekuwa unatuambia?"

Bi Ndoo akaondoka. Maneno yalikuwa yake, asingeweza kuyakana.

Mwenye kochi alikuja, akalitazama doa, akasema hataki lingine wala hataki lile, anataka tu asilione tena. Fundi alilivua kitambaa, akaling'oa sponji, akaanza upya na mifupa mitupu. Gundi aliirudisha ndani. Na mama yake alipomletea chakula alisema akiwa amempa mgongo, "Siku ile ungeniacha nimrudishe hospitali, mama."

Hakusema zaidi. Angefoka, Bi Ndoo angejua pa kushika. Alipata nafasi akamwuliza daktari waziwazi: zile siku nne ndizo zilizoleta yote haya? Daktari alifungua faili. "Damu aliyopoteza, na moyo kufika pale, ndiyo, ni kwa sababu ya zile siku nne. Mengine siwezi kukwambia. Hata angekuja siku ile ile, mambo yangeweza kwenda hivi hivi." Bi Ndoo alitamani aambiwe ndiyo au hapana. Alirudi nyumbani na vyote viwili.

Maana mambo hayakuwa yameisha. Kila wiki Mwalimu alitolewa damu ipimwe ile homoni. Vipande vya kondo vikibaki mwilini, alisema daktari, vitaendelea kuitoa, na namba ndiyo itakayotuambia. Asishike mimba mpaka wamruhusu, pengine mwaka mzima, kwa sababu homoni ikipanda hawatajua ni ya mtoto au ni ya ugonjwa. Siku ya operesheni ilikuwa laki sita na zaidi. Wiki iliyofuata elfu arobaini. Kisha elfu nne. Nyumba nzima ilizoea kuuliza swali moja: imeshuka? Hata Fundi, ambaye sasa alisema maneno machache kuliko misumari yake, aliinua kichwa mlangoni na kuuliza, imeshuka?

Asubuhi moja Bi Ndoo aliingia bafuni kufua akakuta kipimo cha mkojo nyuma ya sabuni. Alimkuta Mwalimu uani akianika.

"Nilitaka kuona kama mstari wa pili umefifia," alisema Mwalimu kabla hajaulizwa.

"Umefifia?"

"Umefifia. Lakini upo." Alibana nguo kwenye kamba. "Najua ni uongo, mama. Nimeelezwa, nimeelewa, ningeweza hata kuwafundisha wengine. Lakini nikiuona tu, mwili wangu unafurahi kwanza. Halafu ndipo mimi nakumbuka."

Bi Ndoo alichukua shuka upande mmoja, Mwalimu upande mwingine, wakalikamua pamoja wakilisokota kila mmoja kwa upande wake. Alitafuta neno. Kwa kila tumbo la mtaa ule alikuwa na neno.

Wiki ya sita namba ilikuwa mia tisa. Wiki ya saba ilikuwa mia tisa na ishirini. Daktari aliizungushia kalamu, akasema wasubiri wiki moja tena; ikipanda, basi kuna kilichobaki na kinakua, nao wataanza sindano za dawa kali, zile wanazopewa wenye saratani. Wengi wanapona, alisema. Alisema mara mbili.

.

Wiki ya nane walikwenda wawili tu, Bi Ndoo na Mwalimu. Dirisha la kutolea majibu lilikuwa moja kwa wote, na siku hiyo ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito, kwa hiyo korido ilijaa matumbo, mikoba na soga. Nyuma ya dirisha alikaa karani mgeni, msichana aliyevaa koti jeupe lenye mikunjo ya dukani. Alisoma jina, akaitafuta karatasi, akaitazama, na uso wake ukachangamka.

"Hongera, mama! Imesoma mimba."

Alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. Benchi la mbele likageuka. Mwanamke mmoja mwenye tumbo la miezi minane akasema hongera, wa pili akadakia, na wa tatu akajisogeza akapiga piga mahali palipobaki wazi pembeni yake.

"Kaa hapa, usisimame. Miezi hii ya mwanzo kizunguzungu hakiaminiki."

Bi Ndoo aliipokea karatasi dirishani. Elfu mbili mia moja na kitu. Aliisoma mara mbili, asije akawa amekosea sifuri. Kisha akafungua kinywa amweleze yule karani, na benchi zima, na yeyote mwenye masikio, kwamba hii si mimba, kwamba…

Mkono wa mkwe wake ulimshika kiwiko.

"Asante," Mwalimu alimwambia karani. Akawaambia na wale wanawake, asanteni. Akaenda akakaa pale alipotengewa nafasi, katikati ya matumbo mawili, akaweka mkoba wake mapajani kama wenzake. Bi Ndoo alimfuata akamwinamia.

"Mwanangu, imepanda. Daktari anatungoja."

"Najua, mama. Nimeona uso wako." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikutetemeka. "Usiwaambie. Niache nikae kidogo."

Bi Ndoo aliikunja karatasi mara mbili, akaifumbata. Akasimama karibu naye, ameegemea ukuta. Mwanamke wa miezi minane aliinua macho, akamtabasamia kwa heshima, kama mtu anavyomtabasamia bibi mtarajiwa.

"Huyu binti yako ni mimba yake ya ngapi, mama?"

"Ya kwanza," alisema Bi Ndoo.